Baada ya Maili Moja

Jumamosi, 7 Julai 1951

Leo ni Sabato. Haifai kuandika habari za michezo, kwa hiyo nitaandika kidogo, na bila furaha.

Jana nilishinda. Maili moja ya wavulana, mashindano ya wilaya, uwanja wa Kisii. Uzi wa kumalizia ulikatika kifuani mwangu, si kifuani mwa mpinzani wangu Machogu. Tangu darasa la tano nimeuota uzi ule. Nimekimbia kwenye umande, kwenye tope, mara moja nikiwa na homa. Nilidhani ukishakatika kutatokea jambo. Hakuna lililotokea. Bwana mmoja alinipa blanketi la kijivu, akanishika mkono, kisha akawaita wa kuruka juu.

Nilimtafuta Baba katika umati. Nilimtafuta hata kwenye kona ya mwisho, na pale ndipo Machogu alipokaribia kunipita. Nusu ya mji wetu wa Keroka ilikuwa pale. Baba hakuwapo.

Tulirudi kwa lori la kahawa, Mwalimu Zachariah akimhimiza dereva ili jua lisituzamie njiani na Sabato ikaanza tuko barabarani. Nyumbani Baba alikuwa nje, ananoa panga. Nilisimama mbele yake na blanketi begani. Alilitazama. Akaingia ndani.

Kwetu mvulana akishatahiriwa hapigi soga na baba yake. Maneno hupitia kwa Nyanya Nyamoita, mama yake Baba, ambaye naye huyaongezea chumvi. Alikuja mlangoni kwangu akasema Baba anasema ua wa zizi la ndama umelegea, na Jumapili ni siku nzuri ya kuutengeneza. Basi! Nakimbia maili moja, najibiwa zizi.

Kisha Nyanya akachukua blanketi. Alisema mume gani huyu analala katika joto na mkewe anatetemeka. Nyanya wote huwaita wajukuu waume zao. Wengine hawachukui blanketi.

Jambo la mwisho. Mashindano ya jimbo ni Kisumu, tarehe 21, Jumamosi. Mimi ni Msabato. Machogu ni Mkatoliki. Kwa hiyo aliyeshindwa ataenda na aliyeshinda atabaki. Nililijua hili zamani, ila sikuwahi kuwaza kupita ule uzi.

Jumapili, 8 Julai

Niliamka kabla ya mapambazuko. Miguu ilijiamsha yenyewe. Nilitoka nje nikasimama uani kama mtu aliyetumwa akasahau ujumbe. Hapakuwa na pa kukimbilia. Nikarudi kitandani. Usingizi ulikuwa umekwisha ondoka.

Nimeamua. Nahitaji lengo jipya, na lazima liwe lengo ambalo Baba atalitazama kwa macho yake. Hilo tu. Likiwa kubwa na yeye asilione, litakuwa kama lile la kwanza.

Lengo lenyewe: nitakuwa mwalimu wa mbio wa Machogu. Akishinda Kisumu, watu watauliza nani alimfundisha. Jina langu litatajwa sokoni, na Baba huenda sokoni.

Nilipokuwa natoka nilimkuta Baba kwenye zizi la ndama. Alikuwa na mapanga mawili. Nilimsalimu kwa heshima nikapita. Alinitazama, akalitazama panga la pili. Labda moja ni butu.

Machogu alikuwa anakula ndizi za kuchemsha. Nilimweleza mpango wangu kwa ukamilifu, pamoja na habari za kuvuta pumzi kwa pua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hahitaji mwalimu, anahitaji mtu wa kumbebea nguo.

Nilibeba. Shati, suruali, viatu, rozari. Nilimfuata kilimani na kuteremka, nikimpa mawaidha ambayo hakuyasikia kwa sababu alikuwa mbali. Tulipokutana na wasichana watokao mtoni aliwaambia, “Mnamwona huyu? Ijumaa alinishinda mbio. Leo ni sanduku langu.”

Walicheka sana. Nilikuwa sina mkono wa kujifunika uso.

Jumanne, 10 Julai

Jana niliukuta ua wa zizi umetengenezwa. Baba alifanya peke yake. Dhamiri ilinisumbua. Pia niligundua kwamba nguzo hazikupangwa kwa elimu. Kitabu cha hesabu kinaeleza wazi kuwa pembetatu haiyumbi, na zizi la Baba lilikuwa mraba.

Nikaona njia! Ua wa kisayansi, mbele ya nyumba yake, kila siku machoni pake.

Niling’oa nguzo tatu. Nikazipanga upya. Pembetatu yenyewe haikuyumba hata kidogo. Lakini ng’ambo ya pili pakabaki nafasi ambayo kitabu hakikuitaja, na ndama akaiona kabla yangu.

Asubuhi hii jirani yetu Ratemo alikuja na shina la wimbi lililotafunwa mkononi, uso mkavu kwa hasira. Aliuliza kama nyumbani kwa Momanyi siku hizi kila kitu ni cha kukimbia. “Wewe umepata blanketi,” aliniambia. “Ndama wako naye nimpe nini?”

Baba, ambaye ndiye Momanyi mwenyewe, alimwomba radhi, akamwahidi kumlimia. Kisha akazirudisha nguzo zangu mahali pake pa kwanza. Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Alifunga ua wote, akaacha upande mmoja wazi, kamba zikining’inia. Akakaa pale juu ya jiwe akiutazama mlango wangu muda mrefu. Nilimwona kupitia ufa.

Sikutoka, kwa aibu. Hatimaye akazifunga na zile zilizobaki.

Alhamisi, 12 Julai

Nimeelewa kosa langu. Ndama na Machogu hawatabiriki. Lazima nichague mahali ambapo Baba hana budi kuwapo. Baba ni shemasi. Kila Sabato anakaa benchi la mbele, hatua chache kutoka kwaya.

Nimejiunga na kwaya.

Mwalimu Zachariah, ambaye ndiye huiongoza, alinipokea vizuri kwa sababu ya ushindi wangu. Aliniweka sauti ya tatu. Baadaye akanihamishia ya nne. Baadaye akaniomba nisimame mwisho wa mstari, karibu na dirisha. Tulipomaliza akanibakiza. Ni mtu mpole.

“Abner,” alisema, “Mungu husikia hata midomo. Wewe ifungue vizuri, uifunge vizuri. Usitoe kitu.”

Niliumia. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani nilifikiri kwamba kwa mpango wangu sauti si muhimu. Baba atanitazama. Hatajua ni nani asiyetoa kitu.

Nimefanya mazoezi ya midomo mbele ya dumu la maji. Dada yangu Nyanchera alinichungulia akaenda kumwambia Mama kwamba naota nikiwa macho.

Jumamosi, 14 Julai

Sabato. Sijui kama naweza kuandika.

Ubeti wa kwanza ulikwenda salama. Nilifungua, nilifunga. Baba alikuwa pale pale, kichwa juu, ananitazama! Hata Nyanya alikuwa amekuja, upande wa wanawake, yeye ambaye hukanyaga kanisani mara moja kwa mwaka. Moyo wangu ulijaa. Nadhani ulijaa kupita kiasi.

Katika ubeti wa pili kuna mahali ambapo kwaya yote hunyamaza ili kuvuta pumzi. Nilipajua. Tulipafanyia mazoezi. Lakini nilikuwa namtazama Baba, na katika ukimya ule mtu mmoja alitoa sauti ndefu kama ya mlango wa ghala. Ilikuwa yangu.

Watoto wakacheka. Wazee wakakohoa. Mwalimu Zachariah akafumba macho. Na katikati ya hayo nikamsikia Nyanya akiwaambia waliokaa karibu naye, bila kupunguza sauti, “Yule ni mume wangu.”

Baba aliinamisha kichwa akaitazama sakafu mpaka baraka ya mwisho. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nimemtia uchungu kiasi hicho.

Jioni Nyanya alileta ujumbe. Baba anasema mwenye sauti ile ng’ombe humsikia toka mbali. Kesho Baba anawapeleka mtoni.

Nimeelewa maana yake. Nafaa kwa ng’ombe, sifai kwa watu. Sitatoka nyumbani kesho.

Jumatatu, 16 Julai

Jana sikutoka. Nilisikia kengele za ng’ombe zikiteremka mtoni, na Baba akiwaita peke yake. Sauti yake si nzuri pia. Nimeshangaa sikuwahi kuisikia.

Leo nimeacha malengo yote. Nimeamua kuishi bila lengo kama watu wengine. Nitatembea polepole, nitasoma kamusi, nitazeeka.

Hata hilo limeshindikana. Tangu niwe bingwa, kila mtu ananituma. Mama ananituma kuomba moto. Jirani ananituma kuuliza kama mkewe amefika kwao. Wanasema wewe si una mbio? Leo Mama alinituma Keroka kununua chumvi. Nilikwenda kwa mwendo wa konokono, kwa makusudi. Mvua ikanikuta.

Nilijikinga dukani kwa Dahir, mwenye lori. Kiswahili chake ni cha haraka na changu ni cha shule, kwa hiyo kwa kawaida yeye husema na mimi hutikisa kichwa. Aliniuliza baba yangu anaendeleaje na mguu. Nikasema mguu gani? Akasema ule aliouumiza alipokuwa anaruka kutoka kwenye lori, Ijumaa ile, Kisii.

Nilimwambia kwamba Baba hakwenda Kisii.

“Kijana, mimi ndiye niliyempeleka,” alisema Dahir. “Alisimama nje ya uwanja, nyuma ya mikaratusi, uwanja ameupa mgongo. Namwambia mzee, geuka, mwanao anakimbia. Hataki. Yeye Kiswahili kidogo, mimi Kikisii kidogo. Basi kila mzunguko ananiinulia mkono aniulize, na mimi namjibu kwa vidole. Viwili. Viwili tena. Viwili. Mwisho nikainua kimoja.”

Nikamwuliza Dahir, Baba alifanya nini.

“Alikaa chini kwenye majani,” alisema Dahir. “Mzee mzima, na koti lake la kanisani. Nikadhani anaumwa.”

Nilirudi na chumvi iliyolowa. Nimelifikiria jambo hili jioni yote. Mtu amesafiri mpaka Kisii ili anipe mgongo! Angeweza kunipa mgongo hapa hapa nyumbani. Bila shaka aibu yake juu yangu ni kubwa sana. Sijui nilimkosea nini kabla hata sijaimba.

Jumatano, 18 Julai

Sikuweza kula. Nyanya aliona. Akaniita jikoni kwake, akanikalisha karibu na moto, yeye mwenyewe akiwa amejifunika blanketi langu. Nikamwambia yote aliyosema Dahir. Nilikuwa karibu kulia, lakini moshi ulinisaidia kuficha.

Alinitazama kama mtu anayetazama sufuria iliyotoboka.

“Wewe uliyemaliza vitabu vyote,” alisema, “ile kaptula yako ya kukimbilia, uliianika wapi?”

Nikasema kwenye ua, mbele ya nyumba.

“Na kamba yake ni nini?”

Nikasema ganda la mgomba. Lilikuwa jepesi kuliko mkanda.

“Baba yako aliiona pale siku tatu. Ganda la mgomba! Kitambaa hakifiki hata gotini. Ganda likikatika mbele ya watu, watu watacheka, waende zao. Likikatika mbele ya baba yako, je? Nani atatoa mbuzi? Nani atawatakasa? Wewe na kamusi yako?”

Ni chinsoni, ile heshima iliyopo kati ya baba na mwana. Baba hatakiwi kuuona uchi wa mwanawe mkubwa, wala mwana wa baba yake. Ikitokea, ni mwiko umevunjwa, na damu ya mnyama lazima imwagike. Nalijua hili tangu utoto. Nimelijua kiasi kwamba sikulifikiri. Siku zote nilifikiri juu ya pumzi, na vidole vya miguu, na uzi. Ganda la mgomba sikulifikiri hata mara moja.

Kumbe hakunipa mgongo kwa dharau. Alitaka kuwapo na hakuruhusiwa kuona.

Nimefurahi sana. Sijafurahi hivi hata siku ya kushinda. Kwa sababu sasa tatizo limejulikana, na tatizo lililojulikana lina dawa. Tatizo ni kaptula!

Nyanya aliendelea kusema. Alisema mengi juu ya zizi, na ng’ombe, na jinsi mwanawe alivyokuwa mtoto asiyejua kuomba kitu kwa mdomo, hata uji. Alinigonga goti kwa mwiko. “Unanisikia, mume wangu? Hataki kukutazama. Anataka ukae naye.” Nilimwitikia kwa adabu. Lakini nilikuwa nimekwisha anza kuwaza suruali ndefu.

Alhamisi, 19 Julai

Suruali ndefu. Mwanariadha wa kwanza wa wilaya nzima kukimbia amevaa mpaka kwenye kifundo cha mguu. Baba ataweza kusimama kwenye uzio kabisa, uso mbele, na koti lake la kanisani.

Nilimwomba Mwalimu Zachariah suruali yake ya zamani. Aliniuliza ya nini. Nilipomweleza aliniuliza kama nyumbani wote wazima.

Basi nimeshona mwenyewe. Gunia la kahawa, shazia ya kushonea magunia, na sisali. Mguu wa kushoto umetoka mrefu kuliko wa kulia, na maandishi meusi ya gunia yamekaa makalioni, lakini ni suruali. Haiwezi kukatika. Kuivua nako ni kazi.

Nyanchera aliniona nimeivaa. Alikimbia mpaka kwa Mama bila hata kucheka.

Nimeijaribu mpaka mtoni na kurudi. Inawasha. Miguu yangu ni myekundu kama ya mtu aliyepita kwenye upupu. Hii ni sehemu ya mazoezi. Ngozi itazoea.

Jumapili, 22 Julai

Siku kubwa. Leo nimeanza upya.

Lengo: maili tatu, mashindano ya wilaya mwakani, suruali ndefu, Baba kwenye uzio. Nimejipangia kazi ya mwaka mzima. Asubuhi mlima, jioni barabara, Jumapili kutwa. Hakuna siku ya bure isipokuwa Sabato.

Machogu amerudi kutoka Kisumu. Alikuwa wa tano. Nilimpitia kumpa pole. Alikuwa shambani anachuma pareto na baba yake, wanacheka, kana kwamba mila ni ya kwetu tu, juu ya jambo walilokataa kuniambia. Nilimwuliza sasa atajiwekea lengo gani. Akasema kumaliza mstari ule kabla ya mvua. Hana shabaha yoyote maishani. Nilimsikitikia.

Kabla ya hapo, asubuhi, kulitokea jambo lisilo la kawaida. Nilikuwa ndani navaa suruali yangu, kazi inayochukua muda, nikasikia mtu anakohoa nje. Alikohoa tena. Nilitoka. Alikuwa Baba.

Baba haji kwenye nyumba yangu ya kivulana. Mila haimruhusu kuingia, na hata kusimama karibu vile si desturi yake. Wala Nyanya hakuwa naye. Alikuwa amevaa koti la kanisani, na leo si Sabato. Mkononi alikuwa na fimbo mbili na ndizi mbivu zilizofungwa kwenye jani.

Aliitazama suruali. Aliitazama kwa muda, kutoka juu mpaka chini. Aligeukia upande wa barabara.

“Nakwenda Nyamache kutazama mtamba,” alisema. “Njia ni ndefu kwa mtu mmoja.”

Sijawahi kumsikia akiniambia maneno mengi namna hiyo kwa mara moja. Nilitaka kumjibu vizuri. Nilimwambia, kwa heshima yote, macho chini, kwamba ni kweli njia ni ndefu, na kwamba nitamwomba Nyanya amtafutie mtu wa kumsindikiza, kwa kuwa mimi leo naanza mazoezi. Nilitamani kumweleza kwamba mazoezi yenyewe ni kwa ajili yake. Lakini nataka alione mwenyewe siku ile. Nikimwambia sasa, nitaharibu.

Baba alizitazama fimbo zake mbili. “Haya,” alisema. Akaiegemeza fimbo moja kwenye ukuta wangu. Akaweka ndizi juu ya kizingiti. Akaenda.

Nilikimbia mlimani. Nilikimbia vizuri, ingawa kwa kuwashwa. Toka juu nilimwona barabarani, mdogo, anatembea polepole sana kwa mtu aendaye mbali. Kila penye kona alisimama akageuka nyuma, akatazama njia aliyotoka, kisha akaendelea.

Atakuwa amesahau kitu nyumbani. Nilitaka kuteremka kumwuliza, lakini nilikuwa nimebakiza mzunguko mmoja.